Umande Haukunipasua Pafu

Ndege ilikuwa bado inapaa kutoka ng'ambo, nilikokwenda kumuuguza binti yangu aliyejifungua, kitu kikanichoma upande wa kushoto wa kifua kama sindano ya kushonea magunia. Angani utapiga kelele umwite nani?

Nyumbani Boito majirani walinipokea na kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyolazwa na mkaa, utadhani nimeshinda mbio. Msafiri hunywa kwanza, habari baadaye. Nikapiga funda, pumzi ikanikwama, wakacheka kwamba ng'ambo nimesahau chakula cha kwetu. Kesho yake ilikuwa siku ya lori la majani chai, na lori halimngoji mgonjwa. Nikabeba kikapu. Hilo kosa ni langu, silikatai. Kabla sijamaliza mstari wa kwanza nilikuwa nimekaa chini kati ya michai, nahema.

Hospitalini daktari alitazama vidole vyangu, vyeusi kwa utomvu.

"Mama, unachuna majani?"

"Nachuna, lakini hii ilinianza kwa ndege."

"Hiyo ni nimonia ya umande. Nyinyi watu wa chai ni hiyo tu. Enda ukunywe hii dawa."

"Daktari, nimesema ndege."

Alikuwa ameshaita mwingine.

Nilikasirika, tena sana. Umande umenilowesha hadi kiunoni tangu nikiwa msichana; naujua kuliko ninavyomjua mume wangu. Nikakaa kwenye benchi mlangoni pake. Mume wangu, aliyenileta, akaninong'oneza nisimtie aibu, daktari ni daktari. Nikamwambia aende nyumbani akakamue ng'ombe. Mimi sitoki bila kupigwa picha ya kifua.

Wakanipiga picha ili niwaondokee. Daktari akaitazama ile picha, akaitazama tena, kisha akaja mbio akisukuma kiti cha magurudumu yeye mwenyewe. Pafu la kushoto lilikuwa limepasuka na kunywea, hewa imejaa kifuani. Wakanitoboa ubavuni, wakapitisha mpira, hewa ikatoka ikibubujika kwenye chupa ya maji.

"Mama, si ungesema ulipanda ndege?"

"Nilisema mara mbili. Andika."

Akaandika. Ningekuwa mama mtiifu nikameza vile vidonge, wangenizika Jumamosi, mhubiri angesema umande umemchukua mchapakazi, na kanisa zima lingeitikia amina.