Dawa Ndani ya Kopo la Majani ya Chai

Huku ughaibuni, pua yangu hunusa bangi ya mtaa wa Northfield nikiwa Tyseley, upande wa pili wa jiji, kwa hiyo basini niliijua kabla ya polisi aliyepanda kukagua. Ilikuwa kwenye kopo la majani ya chai la mama mmoja Mkenya, aliyeketi na bintiye.

"Ni dawa yake ya mgongo, kaandikiwa na kliniki, ya duka lenye leseni," binti akamweleza polisi kwa Kiingereza. Kisha akamgeukia mamake. "Anauliza lebo iko wapi."

"Niliibandua, mwanangu. Wamama wa kanisa wangeisoma."

Polisi akalichukua kopo mpaka kliniki ithibitishe. Kliniki ingefunguliwa Jumatatu, na hiyo ilikuwa Ijumaa jioni.

"Na leo nitalalaje?" mama akauliza, mkono kiunoni.

Binti akamkumbusha kwamba Jumapili wamama wa kanisa watakuja kumwombea. Maombi, angalau, serikali haijayadai lebo.