Zindiko Lililoota Manyoya

Nilikuwa mtoto wa darasa la pili pale Kilosa wakati baba alipovunja nyumba yetu ya udongo ili ajenge ya matofali. Mafundi walipokuwa wakichimba msingi mlangoni, sururu ikagonga jiwe jeusi, zito kupita ukubwa wake, limeviringishwa kitambaa chekundu kilichooza. Baba akalitupa kando. Bibi, mama yake baba, akaangua kilio kama aliyefiwa.

Lilikuwa zindiko. Babu alilitoa kwao Vidunda, mlimani, akalifukia kizingitini ili mabaya yanayopita na upepo yasituingilie. Bibi alisema jiwe lile lina mikono isiyoonekana, nayo imeikumbatia nyumba yote.

"Nyumba iko uchi sasa," akamwambia baba. "Mimi silali humo. Nirudishe Vidunda."

"Mama, hayo ni mambo ya zamani!"

"Na mimi ni wa zamani. Tutaondoka pamoja, mimi na jiwe langu."

Nilichanganyikiwa. Bibi ndiye aliyenisuka nywele na kunifichia minofu, akiniita mke mwenzake ingawa huyo mume wetu, babu, alishafariki. Akienda, nabaki na nani? Naye alikwishafunga kanga zake kwenye furushi.

Jirani yetu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na unga wa chuma ulitapakaa hadi uani kwetu. Asubuhi nikaenda kulichungulia lile jiwe. Loo! Lilikuwa limeota manyoya! Unga wa chuma umesimama wima pande mbili, kama nywele za mtu aliyeshtuka.

"Bibi, njoo uione mikono!"

Wakaja wote. Baba akacheka, akasema hiyo ni sumaku tu. Akaweka kipande cha boksi juu ya jiwe, akanyunyiza unga, akagongagonga kwa kidole. Unga ukajipanga mistari iliyopinda, ikitoka ncha moja na kuingia nyingine, mpaka ikalizunguka jiwe lote. Kicheko kikamkauka.

"Hiyo sumaku yako," Bibi akauliza, "inavuta kwa kamba gani? Mbona siioni?"

Baba akakuna kichwa. "Shuleni hawakutuambia, mama."

Swali lile lilinikaa rohoni, na kwa kiasi kikubwa ndilo lililonifanya nikasome fizikia. Sasa naifundisha hapa Mikumi. Majuzi picha zilienea kwenye simu, mbingu za nchi za kaskazini zikiwaka kijani na nyekundu, na wanafunzi wakanijia na hofu.

"Madamu, ndiyo kiama?"

Kiama wapi! Nikawaeleza kwamba jua hupuliza upepo wa chembe ndogo zenye umeme, bila kupumzika. Dunia nayo ni sumaku kubwa, na nguvu yake imetanda mbali angani, ikiupinda upepo ule upite pembeni. Jua likichafuka, baadhi ya chembe hufuata mistari ya sumaku hadi karibu na ncha za dunia, zikaigonga hewa, hewa ikatoa rangi. Sisi tuko karibu na ikweta, mbali na ncha hizo, ndiyo maana hatuoni kitu. Sayari ya Mirihi ilipoteza sumaku yake ya namna hiyo, na upepo wa jua umekuwa ukiichota hewa yake kidogo kidogo. Nilipofika hapo nikashindwa kujizuia, nikasema Mirihi iko uchi. Wakacheka sana, bila kujua neno hilo nimelitoa wapi.

Je, jiwe letu lilizuia nini? Kwa fizikia ninayoijua, hakuna. Nguvu yake haikufika hata dirishani. Wezi walituingilia, na malaria haikutusahau. Lakini jioni ile baba alilirudisha shimoni kwa mikono yake, akawakemea mafundi waliokuwa wakichekelea, kisha akamwaga zege juu. "Ni jiwe la msingi kama mawe mengine," akasema bila kumtazama mtu. Bibi akafungua furushi lake. Aliishi nasi mpaka nilipomaliza sekondari, na nilifurahi naye kila siku.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza baba kama siku ile aliamini habari za zindiko. Akavua miwani.

"Niliamini kwamba mama ataondoka," akasema.