Chale za Mkononi

Kila ninapokwenda kupakwa hina, swali ni lilelile. Mpakaji akifika juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia, anasita. "Dada, hizi chale za kabila gani?" Za mashavuni haulizi, hizo anazijua kuwa ni za Kisukuma. Anauliza hivi vidoti vyeusi vilivyopinda kama mwezi mchanga.

Za mashavuni alinichanja bibi kwa wembe nikiwa na miaka sita, shangazi zangu wawili wamenikalia miguu. Mistari miwili kila upande, kisha akasugulia unga mweusi wa mizizi iliyochomwa. Nilimng'ata kidole. Akanizaba kibao, akamalizia shavu la pili. "Sasa hata ukipotea, utajulikana ni wa kwetu," alisema.

Nilijulikana kweli. Tulipohamia mjini, mtaa wa Misunkumilo, na ng'ombe wa baba, shuleni waliniita Kumi na Moja, kwa ile mistari miwili ya shavuni. Walisema nanuka mtindi. Akutukanaye hakuchagulii tusi, nami sikuwachagulia pa kuwapiga: nilipiga pua, nilipiga meno, nilipiga kwa kipande cha tofali. Walimu walinichapa, baba akarudia nyumbani, na kesho yake nikapiga tena. Nilikuwa mtoto mbaya, sioni haja ya kuficha.

Mmoja tu hakunicheka. Tulikaa dawati moja. Aliishi kwa shangazi yake, jirani yetu, na watu wote waliambiwa katoka Kigoma. Mchana tulikula pamoja nyuma ya darasa: mimi michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na maziwa ya mgando, yeye ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa mawese, kwenye kopo la maziwa ya unga. Yeye hakukiita kisamvu.

"Onja sombe," aliniambia siku ya kwanza, kisha akashtuka. "Usimwambie mtu nimesema sombe."

Leo najua hata Waha wa Kigoma wanaiita hivyo, lakini mwenye hofu huficha hata kisichohitaji kufichwa. Siku hiyohiyo alinieleza kwamba ametoka Katumba, kwa wakimbizi wa Burundi, na hana kibali cha kukaa mjini. Ikijulikana, atarudishwa kwa baba yake mdogo, aliyewahi kumvunja mkono kwa mchi. Niliapa kutosema. Kopo nikalilamba mpaka likang'aa.

Tulipokuwa darasa la tano, wasichana walimzunguka mchana mmoja. "Nyie, huyu mbona anakula na Msukuma wa chale? Au na yeye ana kwao anakokuficha?" Niliona jinsi midomo ilivyomkauka. Akacheka nao. "Huyu Kumi na Moja? Mi nakaa naye tu, nitafanyaje."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka kopo mkononi mwangu na sombe ikimtiririka machoni, nami naisugua usoni pake vile bibi alivyonisugulia ule unga, huku napaza sauti shule nzima isikie: "Rudi Katumba na sombe yako, mkimbizi."

Alinidaka mkono kwa meno. Nilimpiga kopo la kichwa, mara tatu, mara nne, hakuachia. Nilisikia nyama yangu ikikatika. Mwalimu alitutenganisha kwa fimbo, na kwenye sketi zetu damu ilikuwa imechanganyika na mawese, huwezi kujua ipi ni ipi.

Siku ya tatu mjumbe wa nyumba kumi alifika kwa jirani na mgambo wawili. Shangazi yake alimkumbatia wasimchukue. Wakampiga rungu la mkono, akaachia. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ua wetu wa minyaa, mkono umevimba. Rafiki yangu aliponiona hakulia wala hakunitukana. Alinitazama tu mpaka wakakata kona. Nilitamani anitukane.

Bibi alitibu jeraha kwa dawa aliyoiamini, unga uleule mweusi, akausugulia kwenye kila tundu la jino. Ndiyo maana halikufutika. "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe," alinifariji. Nilitaka kumpiga hata yeye.

Mpakaji bado anangoja, hina imeanza kukauka. Namjibu kama ninavyowajibu wote.

"Za Kirundi. Alinichanja rafiki yangu. Hapo usipake."