Doa Kwenye Ramani ya Udongo

Mpima udongo hufikicha kila donge kwa vidole viwili, kisha hujifuta kwa leso hata udongo ukiwa mkavu. Huongea taratibu, ila akifika kwenye neno "hataza" kifua hutangulia, maana mtambo unaochora ramani za udongo ni uvumbuzi wake na umesajiliwa asiuige mtu. Leo amemwonyesha mzee ramani mpya ya shamba, kijani tupu hadi kwenye kona alikozikwa mke wa mzee huyo.

"Juzi hapa palikuwa na doa jekundu," mzee akasema.

"Hilo ni toleo la zamani, baba. Mtambo ukiona doa lisilofanana na majirani zake, hulisawazisha. Matoleo yote yamehifadhiwa, hakuna kinachopotea."

"Na trekta kesho litalima kwa toleo lipi?"

"Kwa jipya. Hukwepa penye jekundu tu."

"Hapo kalala mke wangu."

"Pole, baba." Akajifuta vidole. "Lakini la zamani ni la kutazama tu. Kulirudisha mtambo haukubali, ndivyo ulivyosajiliwa."

Mwanamke aliyelima kona ile hadi jembe likabaki kipande, leo anaitwa doa. Mzee akaenda akaketi pale pale, ubavuni mwa mkewe, akakunja miguu.

"Haya, fundi. Pima tena, na mimi nikiwemo."