Nilivyomnyima mbwa wangu mpira pale Nesitu

Wakuu, salamu. Hii sikuhadithiwa, ilinipata mwenyewe. Atakayesema ni chai, ruksa, nimezoea.

Vita vikiwa vimepamba moto, mimi nilikuwa Juba, nimeajiriwa kutembea na mbwa anayetafuta mavi ya chui. Ndiyo, mavi. Chui wamebaki wachache na hawajionyeshi, kwa hiyo unawafuatilia kwa walichoacha. Mama yangu pale Gudele aliwaambia majirani niko ofisini.

Mbwa mwenyewe jike, anaitwa Tosha. Akinusa chui, iwe mavi au manyoya, anakaa chini kimya. Kazi yangu ni kumpa mpira wa kuchezea hapo hapo, ndio ujira wake. Ukimnyima kwa kitu alichopatia, anajifunza kwamba harufu ile haina faida.

Siku moja mchana tunarudi na gari kutoka porini, tukasimamishwa kwenye kizuizi cha Nesitu, nje ya Juba. Wanajeshi watano na pickup ya mkubwa wao. Tosha akashuka, akaizunguka, akafika mlango wa dereva.

Akakaa.

Nikachungulia. Kiti kimevikwa ngozi ya chui, nzima, mpaka mkia. Kuua chui ni marufuku, lakini aliyekalia ile ngozi ndiye mwenye bunduki.

Akaniuliza kwa upole kabisa, "Ndugu, mbwa yako iko natafuta nini kwa gari yangu?"

Tosha ananitazama mimi, mkia unafagia vumbi. Mpira uko mfukoni, nimeushika.

"Mafi haja, mkubwa," nikasema. Hakuna kitu. "Huyu ni mjinga tu."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamvuta Tosha, akagoma, akakaa tena, labda alidhani sikumwona vizuri. Nikamvuta kwa nguvu.

Tukafika Juba salama wote wawili. Ningetoa ule mpira, huenda huu uzi usingekuwepo.

Kesho yake nikamfichia mavi ya chui uani, chini ya ndoo. Akanusa. Akaniangalia usoni. Akapita.

Nilijaribu mwezi mzima. Project wakaandika kwamba amestaafu, nikabaki naye. Roho iliniuma, na bado.

Somo nililopata: yule mbwa alisema kweli mbele ya bunduki, nami nikamwita mjinga mbele za watu.

Siku hizi ni mzee. Mpira nampa kila asubuhi, bure. Haukimbilii. Anaunusa, halafu ananitazama.

Wenye uzoefu humu, mbwa anaombwaje msamaha? Nasoma comments zote, hata za matusi.