Kimya cha Kipimajoto

Kabla maradhi hayajampiga mwereka, mtaani walimwita Baridi, na hawakumwita hivyo kwa sababu ya tabia. Tabia yake ilikuwa moto. Alikuwa fundi wa friji, mwenye karakana nyuma ya duka la vioo, na mteja aliyemletea friji iliyokwisha kuchokolewa na fundi mwingine aliondoka na maneno ambayo hakuyalipia. Macho yalipoanza kuzikataa nyaya nyembamba, akajifunza kuandika programu za kompyuta. Watu wakamcheka, mkewe akiwa mstari wa mbele. Alimuuliza kama na sare ya shule amshonee.

Alichokiandika kilikuwa kitu kidogo, cha kulinda friji za chanjo katika zahanati. Kipimajoto kinakaa ndani ya friji na kutuma namba, programu inaisoma, na joto likipanda king'ora kinalia. Basi. Aliiweka mtandaoni iwe huria, yeyote aichukue bure, na akiona kasoro airekebishe na kuyaleta marekebisho yake. Zahanati za jirani zikaichukua, kisha za mbali, hadi za miji ambayo majina yake yalimshinda kutamka. Marekebisho yakaanza kumiminika kutoka huko. Aliyasoma mstari kwa mstari, akikoroma na kutukana kwa sauti ya chini, na mengi aliyakataa. Kisichopita mkononi mwake hakikuingia.

Kiharusi kilimkuta ananyoa ndevu. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukafuata, na ulimi ukabaki na neno moja tu: kesho. Umekula? Kesho. Wapi panauma? Kesho. Akili ilikuwa palepale, imekaa kitako, inasikia kila kitu. Alijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto. Kichwani aliiona herufi anayoitaka, kidole kikaangukia nyingine, na alichopata kwenye skrini kilikuwa mchele uliomwagika. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa mtu wa mzaha. "Kumbe niliolewa na serikali," alimwambia. "Kila kitu kesho." Wakacheka wote wawili, yeye kwa upande mmoja wa mdomo.

Asubuhi moja akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu wa ofisi ya bima na mjuzi wa kila jambo asiloulizwa. Aliifungua kompyuta ya Baridi na kumwekea mapajani. "Shemeji, watu wako wanakutafuta," akasema, akaanza kusoma.

Kulikuwa na kasoro kweli. Umeme ukikatika na kurudi, kipimajoto kilinyamaza kwa muda, na programu ikakichukua kimya kile kuwa ni joto. King'ora kikalia bure. Manesi walikuwa wamechoka kuamshwa na friji nzima. Sasa mchangiaji mmoja, aliyejiita Kurumbiza, alikuwa ameleta marekebisho ya mstari mmoja: kipimajoto kikinyamaza, itumike namba ya mwisho iliyosomwa. Waliojaribu walisema kelele zimekwisha, na walimsifu mno. Kilichobaki ni mwenye mradi kubonyeza kitufe cha kukubali.

Baridi aliusoma ule mstari na moyo ukamlipuka. Na kipimajoto kikifa je? Waya wake ukiliwa na panya? Programu itaishikilia namba ya mwisho milele, itasema friji ina baridi safi, huku chanjo zinaiva ndani kama mayai, na nesi anadunga watoto maji matupu. Dawa yake aliijua. Kimya kikizidi dakika chache, king'ora kilie kwa mlio wa peke yake, mtu ajue kipimajoto hakisemi. Mistari mitatu. Ilikuwa imejipanga kichwani mwake, haikosi hata nukta.

"Kesho!" akasema. "Kesho, kesho!"

"Anasema tungoje kesho," shemeji akatafsiri.

"Hilo ndilo neno lake, mdogo wangu, usilifuate," mkewe akajibu.

Baridi akaugonga ule mstari kwa kidole, tena na tena, mpaka skrini ikatikisika.

"Naona ameupenda," shemeji akasema.

Hasira ilimpa nguvu asizokuwa nazo. Alishika fimbo yake, akajikokota hadi jikoni, akainama nusura aanguke, akachomoa waya wa friji ukutani.

"Wewe baba wewe!" mkewe akaja mbio. "Nyama yangu itaharibika!"

Aliposikia neno lile la kuharibika alitamani kumbusu. Akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, akapiga mlango wa friji kwa kiganja, akaigusa midomo yake, akauelekeza mkono chumbani ilikokuwa kompyuta. Mkewe akasimama. Akamtazama vile anavyomtazama mtoto wa darasani mwenye jambo na asiyejua pa kulianzia. "Ngoja kwanza," akamwambia nduguye. "Kuna kitu anasema."

Baridi alishusha pumzi. Miaka yote ya ndoa yao, mwanamke huyu alijua ana homa kabla yeye mwenyewe hajajua.

"Nyama?" akamuuliza polepole. "Unataka nyama, mume wangu?"

Akaurudisha waya ukutani, akamkaangia. Baridi aliila ile nyama huku machozi yanamtiririka, na mkewe akapunguza pilipili.

Shemeji, kwa wema wake, aliwaandikia wale wa mtandaoni kwamba mzee ni mgonjwa. Wakatuma pole nyingi. Wakasema asijisumbue kusoma, wao wameshaupitia mstari wote na wameridhika, abonyeze tu. Baada ya siku kadhaa pole zikapungua. Mmoja akaandika kwamba mzee ameukalia mradi kama kuku asiye na mayai. Mwingine akasema watauhamishia kwingine, waendelee bila yeye. Ruhusa hiyo aliwapa mwenyewe siku alipoiweka programu huria.

"Wengi wape, dada," shemeji akasema. "Usipowapa watachukua wenyewe. Na wakichukua, jina la shemeji ndiyo basi tena."

Maneno hayo yalimchoma mkewe. Karakana ilishapangishwa kwa muuza rangi. Mkono ulishalala. Kazi hii ndiyo pekee iliyokuwa bado inamwita mumewe kwa jina, na yeye hakuwa tayari kuona nayo inaondoka huku amekaa anatazama.

Akaleta kiti, akaketi ubavuni pake, akauchukua mkono wake wa kushoto. Baridi akakunja ngumi.

"Kesho," akasema. Alisema kwa upole, kwa kusihi, kadiri neno lile lilivyoweza kubeba.

"Kesho watakuwa wameondoka," mkewe akamwambia. "Mimi siijui kazi yako. Lakini watu wote wale hawawezi kukosea, baba. Nisaidie nikusaidie."

Akaifungua ngumi kidole kimoja kimoja, kama anavyowafungua watoto walioficha peremende. Baridi alivuta. Zamani alikuwa akiinua friji peke yake. Siku ile mkono wa mkewe ulimshinda. Kidole chake kikawekwa juu ya kitufe, na kidole cha mkewe juu ya chake, kikabonyeza.

Shukrani zilifika kabla chai haijapoa. Wakasema ni shujaa, amefanya kazi hata kitandani. Jina lake lilibaki juu kabisa ya ukurasa. Tangu hapo mkewe akawa anamsomea ujumbe mpya kila arudipo kazini, kabla hata ya kuvua viatu.

Siku moja akarudi na ujumbe wa nesi wa zahanati ya mbali, amefurahi nao kuliko yote.

"Sikiliza huyu," akasema. "'Tangu tuweke toleo jipya tunalala usingizi. King'ora hakijalia hata mara moja. Friji yetu inasoma nyuzi nne tu, mchana na usiku, hata tukiuacha mlango wazi wakati wa kuchanja. Mwambieni mzee tunamwombea.'"

Hakuna friji ya namna hiyo duniani. Baridi alikuwa ameshika friji maisha yake yote, na friji ikifunguliwa mlango joto hupanda, hata iwe mpya namna gani.

"Kesho," akasema. "Kesho. Kesho. Kesho."

"Haya, nakusomea tena sasa hivi," mkewe akasema, akaanza upya, polepole, ili asikie vizuri.