Tulivyolinyanyua Lori

Mume wangu alikuwa na lori la kubebea mahindi na mihogo kutoka Fukayosi kuja Bagamoyo. Masika ikiingia lilikuwa likilala kwenye tope na mzigo ukiozea humo humo. Basi akasema atalinyanyua.

Nilifuatana naye kwa fundi, nisikie kwa masikio yangu. Fundi akasema akifunga matairi makubwa peke yake, yatakwaruza bodi kila gari likikata kona. Akiongeza vyuma vya springi peke yake, tope litalimeza vilevile. Mume wangu akanitazama mimi.

"Fanya vyote viwili," nikamwambia. "Mama yangu yuko kule Fukayosi peke yake. Akiugua masika, tutamfikiaje?"

Lori likarudi refu, bodi yake imenipita kichwa. Jirani yangu akasimama mlangoni akacheka. "Shoga, mmetengeneza gari au mnara wa kuadhinia?"

Masika ile ile tukaletewa habari kwamba Mama amebanwa kifua, hawezi kusimama. Tukaondoka asubuhi. Pale palipokuwa pakitulaza njiani tulipita bila kusimama. Nilimwona mume wangu amefurahi, na mimi nilifurahi.

Kwa Mama tulimkuta bibi mmoja jirani. Wengine wote walikwisha kuhamishiwa kijiji cha ujamaa. Mama alikuwa mwanamke wa kimo, mzito, na pumzi inamtoka kwa shida. Na kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe. Hali naye, hakai naye mkeka mmoja, neno akiwa nalo humpitishia mkewe.

Ili tumpandishe lorini tumpeleke hospitali, tukamlaza kitandani, kitanda cha kamba. Mimi na yule bibi tukashika upande wa kichwani, mume wangu akashika wa miguuni, uso kageuzia pembeni. Tulifika usawa wa kifua. Bodi bado iko juu. Bibi akateleza, kitanda kikaenda upande, Mama akaguta kwa maumivu. Tukamshusha.

Lori lile kabla ya kunyanyuliwa tungelifikia. Nasema tu lilivyokuwa.

Mume wangu akaniambia, "Mwambie mama, nikipanda juu nikamshika makwapani, nitamvuta."

Mama alikuwa amesikia. "Mwambie mumeo mimi si gunia."

"Mama, ni ugonjwa huu," nikasema.

"Ugonjwa ni wangu. Haya nayo ni yangu. Mwambie akatafute wanaume."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amesimama na mikono yake, mikono iliyokuwa ikipakia magunia kutwa, hajui aiweke wapi. Akapanda lori akaenda kijijini.

Alirudi na wanaume wanne. Mama alikuwa amekwisha kukata roho, kichwa chake mapajani mwangu, pale pale uani. Lori wakaliegesha kando.

Alizikwa kesho yake. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo haya niliambiwa na mjomba wangu, ndugu yake Mama. Mwalimu wa madrasa, aliyesimamia maziko, aliuliza ni akina nani wataingia kaburini kumpokea. Mjomba alikuwepo, lakini mzee na mgongo mbovu, na Mama hakuzaa mtoto wa kiume. Mwalimu akamwonyesha mume wangu. "Shuka wewe."

"Mimi ni mkwe, mwalimu."

"Ndiyo. Mkwe ni maharimu. Dini haikukatazi kumshika, akiwa hai wala akiwa maiti. Hayo mengine ni mila zenu."

Mjomba anasema mume wangu alivua viatu akashuka. Akampokea Mama kwa mikono miwili, taratibu, akamlaza ubavu wa kulia kuelekea kibla. Alipopanda juu, watu wakaanza kufukia. Akamsogelea mwalimu akamuuliza polepole, "Kwa hiyo hata jana ningeweza?"

Mwalimu akampa jembe.